Famasi inasomwa miaka mingapi? Jibu refu kwa mtoto wa kaka yangu

Matokeo ya kidato cha nne yametoka na mtoto wa kaka yangu amepata C ya kemia na D ya baiolojia. Amenipigia simu usiku huohuo: "Shangazi, famasi inasomwa miaka mingapi?" Nimeona nimjibu hapa, maana swali hili hunijia kila msimu wa matokeo, na mitaani wapo watu wanaowajibu vijana uongo ili wauze fomu za kujiunga.

Hapa Tanzania njia ni mbili. Ya kwanza ni kuendelea kidato cha tano kwa mchepuo wa PCB, ufaulu fizikia, kemia na baiolojia, kisha usome shahada ya famasi kwa miaka minne. Ya pili ndiyo niliyopita mimi: unatoka kidato cha nne unaingia chuo cha kati ukiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kemia na baiolojia yakiwemo. Unasoma miaka mitatu, yaani ngazi ya nne, ya tano na ya sita za elimu ya ufundi, unatoka na diploma ya sayansi ya dawa. Hapo wewe ni fundi dawa sanifu. Unaajirika na unaheshimika kazini, lakini bado si mfamasia. Ukitaka kuwa mfamasia utarudi darasani kusoma shahada, nayo hailingani na semina ya wiki mbili.

Ninayo sababu ya kuipenda njia ya diploma. Chuoni tulianza kushika dawa mapema. Mwalimu wetu alikuwa akituwekea mezani chupa ya sharubati ya paracetamol ya miligramu 120 kwa mililita 5, anataja uzito wa mtoto, nasi tunapiga hesabu bila kikokotoo. Mtoto wa kilo 8, miligramu 15 kwa kila kilo: miligramu 120, yaani mililita 5 kamili. Kisha anabadilisha: kilo 6, na chupa ya nguvu nyingine. Aliyekosea alirudia mpaka apatie. Wakati ule tulimwona mkali. Leo mama akisimama dirishani na mtoto mgongoni anachemka homa, hesabu ile inatoka yenyewe, na bado naiandika kwenye karatasi kabla sijagusa chupa.

Shahada ilinipa kitu kingine. Muhimbili wamekuwa wakifundisha famasi tangu 1974, na sasa wapo pia Bugando kule Mwanza na St. John's pale Dodoma. Utasoma famakolojia (jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini), kemia ya dawa, mikrobiolojia, dawa zitokanazo na mimea, sheria, na namna kidonge kinavyotengenezwa. Hili la mwisho lilinishika. Maabara tulisaga, tukachanganya, tukagandamiza vidonge vyetu wenyewe, halafu tukavipima. Kuna kifaa chenye mirija sita midogo yenye wavu chini. Unaweka kidonge kimoja katika kila mrija, kifaa kinavipandisha na kuvishusha ndani ya maji yenye joto la nyuzi 37 kama mwilini, na saa inahesabu. Kidonge cha kawaida kisicho na ganda kinatakiwa kiwe kimesambaratika ndani ya dakika 15. Kisiposambaratika, mgonjwa anaweza kukimeza na kukitoa bila faida yoyote. Tangu siku ile sijawahi kutazama kidonge kama kitu kidogo.

Baada ya shahada unafuata mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo kazini chini ya msimamizi, na hapa ndipo naomba wanafunzi wanisikilize sana. Wengi wanauhesabu kama mwaka wa kungoja usajili. Nilikuwa wodini nikipitia mafaili nikakuta mzee anayetumia warfarin ya kuzuia damu isigande, na siku hiyo ameongezewa metronidazole kwa ajili ya maambukizi. Kila dawa peke yake ilikuwa sahihi. Pamoja, metronidazole huzuia ini lisiivunje warfarin, inajaa mwilini, na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Nilimpelekea faili mfamasia msimamizi wangu, tukaenda wote kwa daktari, akasoma, akabadilisha dawa palepale na kutushukuru. Nilikuwa nimeyasoma hayo darasani na kuyajibu kwenye mtihani, lakini kuyaona kwenye faili la mtu aliyelala mita mbili kutoka hapo uliposimama ni elimu nyingine kabisa. Utarajali ukikamilika na Baraza la Famasi, msimamizi wa taaluma yetu, likiridhika, ndipo unasajiliwa. Na kila mwaka unahuisha leseni na kuonyesha kwamba umeendelea kujifunza.

Kwa wasomaji wangu wa Kenya: kwenu shahada ni miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini, na msimamizi ni Bodi ya Famasia na Sumu. Msichukue hesabu yangu ya miaka minne.

Sasa suala la vyuo. Kabla mzazi hajauza mahindi alipe ada, ahakikishe mambo mawili: chuo kimesajiliwa na NACTVET (baraza la taifa la elimu ya ufundi), na Baraza la Famasi linakitambua. Ingieni kwenye tovuti zao au piga simu, msitosheke na bango la barabarani. Nimeshakutana na binti aliyesoma mahali akaahidiwa "ufamasia" kwa miezi michache. Alikuwa na akili nzuri na cheti kisichompeleka popote. Ilinibidi nimwambie aanze upya, na mama yake alikuwa amekaa pembeni yake.

Kwa hiyo, mwanangu, hesabu yako ni hii. Ukienda PCB: miwili ya sekondari, minne ya shahada, mmoja wa utarajali, jumla saba. Ukienda chuo: mitatu, minne na mmoja, jumla minane, ila katikati unaweza kufanya kazi na kumsaidia baba yako ada za wadogo zako. Kama unachagua chuo, GPA (wastani wa alama) ya diploma ilinde tangu muhula wa kwanza, kwa sababu ndiyo itakayotazamwa ukiomba shahada. Na cheti chako cha form four kitunze vizuri, kitaombwa tena.