Samaki Washukao na Mvua: Safari Yangu ya Kikambala

Makanga wa matatu ya Kilifi aliziangalia ndoo zetu, akaziangalia nyavu, kisha akatuuliza kama sisi ni wavuvi. Daktari akamjibu kwamba ndiyo, leo twenda kuvua. "Na bahari mwaiacha nyuma?" akauliza, akituonyesha kwa kidevu upande wa Bandari ya Kale.

Ilikuwa Mwembe Tayari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wiki ya pili ya Mei, na mvua ya masika ilikuwa imepiga siku nne mfululizo. Tulikuwa watatu: Daktari, ambaye samaki wa maji baridi wamekuwa kazi yake kwa miaka mingi, mwanafunzi wake, yaani dada mmoja mkimya anayesomea mwani, na mimi, mwalimu wa bayolojia wa sekondari, niliyeomba mara tatu kwenda nao hadi nikakubaliwa.

Nimezaliwa Mji wa Kale. Nyumbani kwa bibi kulikuwa na kisima ndani ya ua, na kisimani mlikuwa na visamaki ambavyo bibi alikataza kabisa tusivichote, kwa kuwa ndivyo vilivyokula viluwiluwi vya mbu. Nilikua nikiamini kwamba hao ndio samaki wa maji baridi wa Mombasa, basi. Chuoni nikaambiwa wale ni gapi, samaki wa Amerika ya Kusini walioletwa Afrika Mashariki kwa kazi hiyohiyo ya mbu. Iliniuma. Si kwa sababu ya gapi, maana walitufaa, bali kwa kuwa wa kwetu sikumjua hata mmoja. Kisha nikasoma kwamba kuna samaki aliyeingia kwenye vitabu vya sayansi kutoka Kikambala, mahali ninapopita kila niendapo Kilifi kwa shangazi, na jina lake ni Nothobranchius interruptus. Tangu siku hiyo sikutulia.

Tulivuka daraja la Nyali, tukapita Bamburi, na baada ya hapo gari likawa linakwenda hatua mbili linasimama. Foleni ile ilinifaa, maana Daktari alianza kuzungumza.

Mwaka 1844, alisema, Mjerumani Wilhelm Peters, aliyekuwa akikusanya viumbe Msumbiji, alimwandika kisamaki wa Quelimane na kumtia katika jenasi, yaani kundi la spishi zilizo jamaa, iitwayo Cyprinodon. Mwaka 1868 Peters mwenyewe akaona hapo si pake, akaunda jenasi mpya, Nothobranchius. Ndiyo sababu samaki yule huandikwa hadi leo Nothobranchius orthonotus (Peters, 1844), jina la mwandishi likiwa ndani ya mabano. Mabano hayo si pambo. Yanakwambia kwamba spishi hii ilizaliwa nyumba nyingine ikahamishwa. Wa Kikambala alikuja baadaye sana. Mwaka 1979 Wildekamp na Berkenkamp waliandika spishi mpya, Nothobranchius jubbi, na huyu wakamweka chini yake kama spishi ndogo. Miaka ilipopita akapandishwa, akawa spishi kamili. Wenye jina ni walewale na mwaka ni uleule, na mabano hana, kwa sababu jenasi hakubadilisha.

Mimi nimefundisha majina haya miaka kumi na moja kana kwamba yamejengwa kwa mawe kama ukuta wa Fort Jesus. Nikamuuliza, kama leo ni spishi ndogo na kesho ni spishi, mkweli ni nani?

Akanigeuzia swali. "Mwalimu, kiboko yuko ngeli gani?"

Nikasema inategemea. Kiboko wa mtoni amelala, kiboko cha kuchapia kimekatika.

"Umbo lao je?"

Nikamwambia umbo ni moja.

"Basi umejijibu. Kwa sura ya neno utawatia wote KI-VI. Ukitaka kujua jamaa wa neno, tazama linavyopatana na wenzake kwenye sentensi. Nasi twafanya hivyo. Twaanza na sura, kwa sababu ndiyo tuliyo nayo, kisha twatafuta upatanisho: mifupa, idadi ya miale, vile vijiti vya ndani ya mapezi, magamba, siku hizi na DNA. Ushahidi ukizidi, jina lahama. Si kwamba wa kwanza alidanganya."

Nimelifundisha somo hilo upya tangu siku ile, na kwa mfano huohuo.

Tuliposhuka Kikambala hatukuelekea pwani kwenye mahoteli. Tulivuka barabara upande wa bara, tukafuata njia ya miguu kati ya minazi na mikorosho. Mwendo wa nusu saa hivi, udongo ukabadilika. Mchanga uliisha, ukaja udongo mweusi wa mfinyanzi unaoganda kwenye viatu hadi mguu unakuwa mzito kama nanga. Daktari akafurahi kama mtu aliyesikia adhana ya futari. Samaki hawa, alisema, ukiwatafuta kwenye maji hutawapata. Watafute kwenye udongo kwanza.

Na sababu yake ndiyo iliyonileta. Hawa ni samaki wa madimbwi yanayokauka. Dimbwi likikauka, samaki wote hufa, wazazi na watoto. Kinachobaki ni mayai yaliyofukiwa kwenye tope. Mfinyanzi hushika unyevu kidogo hata ukipasuka juu, na ndani yake kiinitete, yaani mtoto aliye ndani ya yai, husimamisha ukuaji wake, hungoja, huendelea, husimama tena. Kuna vituo vitatu vya kusimama namna hiyo. Wala mayai yote hayaamki pamoja. Mvua ya kwanza ikidanganya, ikanyesha siku mbili ikakatika, wale walioanguliwa watakufa, lakini wenzao bado wamelala chini wakingoja mvua ya kweli. Maji yakija, walio tayari huangua ndani ya saa chache, na kwa wiki chache tu huwa watu wazima wanaotaga. Jamaa yao wa Msumbiji, Nothobranchius furzeri, amepimwa dimbwini akikomaa kwa siku 14 tu. Maisha mazima hukimbizana na jua.

Dimbwi lenyewe lilikuwa shimo pana kiasi cha nusu uwanja wa mpira, maji ya rangi ya chai ya maziwa, nyasi pembeni na nyayo za ng'ombe kila mahali. Chini ya mkorosho alikaa mzee akisuka makuti. Tulimwamkia, Daktari akamwonyesha kibali cha utafiti na kueleza tumefuata nini. Mzee hakuhitaji maelezo marefu.

"Hawa washuka na mvua, wanangu," alisema. "Kiangazi watoto hucheza mpira papo hapo. Mahali pa mpira wiki mbili baadaye pana samaki. Watoka wapi, kama si juu?"

Nataka kusema wazi kwamba sikuona ujinga katika maneno yale. Ni hoja ya mtu aliyetazama vizuri: hakuna mto, hakuna mfereji, ardhi ilikuwa kavu, na sasa pana samaki. Kilichokosekana ni yai tu, na yai lenyewe ni dogo kama punje ya mchanga mkubwa. Daktari hakumkosoa. Alimuuliza mvua kubwa ilianza lini, maji hukaa miezi mingapi, na samaki hujikusanya wapi. "Pale penye nyasi hampati kitu," mzee akatwambia. "Nendeni pale ng'ombe wanywapo." Daktari aliandika kila neno daftarini.

Tukavaa viatu vya mpira hadi magotini, kwa kuwa dimbwi la namna hii halikosi konokono, na penye konokono kichocho hakiko mbali. Wavu wa kwanza ulitoa viluwiluwi vya chura na wadudu wa maji. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, mahali pale pa ng'ombe, ukatoa dume.

Urefu wake haukuzidi kidole changu cha mwisho. Mwili ulikuwa samawati inayong'aa, na kila gamba limezungushiwa ukingo mwekundu, kama kanga iliyofumwa kwa sindano. Nilitetemeka mikono. Miaka arobaini nimeishi pwani hii! Karibu naye alikuwamo jike, mdogo, kijivu, hana pambo lolote, na Daktari akasema shida ya kazi yake huanzia hapo: madume ukiyaona utayatofautisha, majike ya spishi nyingi za jenasi hii hufanana kama maji na maji. N. melanospilus ni afadhali, kwa kuwa jike lake lina madoadoa meusi. Hili letu halikuwa na doa.

Alimweka dume ndani ya kitanki cha kioo akampiga picha pande zote, maana rangi ile haidumu samaki akishakufa. Kisha akatoa kichupa, na harufu iliyotoka nikaijua kabla hajafungua vizuri. Mafuta ya karafuu. Yaleyale bibi aliyotutia kwenye jino linalouma. Ukiyatia kwenye maji kwa kipimo kidogo samaki hulala, ukizidisha hulala moja kwa moja, bila kutapatapa. Alichukua madume sita na majike sita, hakuongeza, waliobaki akawarudisha. Kutoka kwa kila mmoja alikata kipande kidogo cha pezi akakitia kwenye ethanoli kwa ajili ya DNA, kwa kuwa fomalini huiharibu. Mwili ndio ukaingia kwenye fomalini ya asilimia 10, na baadaye utahamishiwa ethanoli ya asilimia 70 ukae miaka na miaka. Ndani ya chupa alitumbukiza karatasi iliyoandikwa kwa penseli, si kalamu, kwa sababu wino huyeyuka: mahali, tarehe, aina ya udongo, majina yetu. Kwenye mstari wa spishi aliandika Nothobranchius sp. tu, yaani jenasi bila jina la spishi. Nikamuuliza mbona, na ndiye tuliyemfuata? Akasema jina litaandikwa baada ya kuhesabu miale na magamba na kulinganisha na vielelezo vya makumbusho, si kabla. Pembeni mwa dimbwi mtu hutamani sana kuwa na hakika.

Jioni tulifungua maabara ya shule yangu, na zamu ikawa ya dada wa mwani. Mchana kutwa alikuwa akikamua nyasi za majini ndani ya vichupa na kukwangua vijiwe kwa mswaki, wala hakusema neno. Alipoketi kwenye hadubini alibadilika. Alinionyesha Spirogyra, nyuzi za kijani zenye utepe uliojisokota ndani ya kila seli kama ukili wa mkeka, na Euglena, kijani vilevile, akiogelea kwa mjeledi wake. Kwa macho yangu wote walikuwa mwani wa kijani. Akatia tone la iodini. Ndani ya Spirogyra madoa yakageuka meusi, kwa sababu huweka akiba yake kwa wanga. Euglena hakugeuka. Akiba yake ni ya namna nyingine, na ukoo wake ni mwingine kabisa. Tone moja, na nilichokiita kitu kimoja kikagawanyika mbele yangu. Upatanisho, nikawaza. Daktari alinitazama akatabasamu.

Kulikuwamo pia daiatomu, mwani wa seli moja wenye maganda ya silika, kitu kama kioo, yanayofunikana kama boksi na kifuniko chake. Ili kuwatambua itabidi awachemshe kwa asidi, vitu vyote laini viondoke libaki ganda, ndipo mistari yake ionekane. Mwani, alinieleza, majina yake hufuata kanuni za mimea, na hadi mwisho wa 2011 ukitaka spishi mpya ya mwani itambulike ilibidi uieleze kwa Kilatini. Sasa Kiingereza pia chakubaliwa. Nilimuuliza kama itafika siku ya Kiswahili. Hakujibu, lakini vichupa vyake alivipa majina kwa Kiswahili vyote: "nyasi za kusini", "tope la ng'ombe", "povu".

Januari nilirudi Kikambala peke yangu. Dimbwi lilikuwa limekauka, tope limepasuka vipande vya ukubwa wa sahani, na magoli mawili ya fito yamesimikwa. Upande wa barabara, karibu robo ya shimo, lori lilikuwa limemwaga kifusi cha mawe na matofali. Nilisimama pale nikihesabu hatua: kifusi kilikuwa kimefika mahali pa ng'ombe.

Mzee alinikuta nimeinama. Nilikuwa nimemletea picha ya lile dume, nimeikuza na kuitia fremu. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, kisha akatazama chini kwenye nyufa.

"Na mayai yake yamo humu sasa hivi?"

"Yamo, mzee. Chini ya tulipokanyaga."

Akaondoka pale alipokuwa amesimama, akaniita nami niondoke. Jioni ile, kabla sijapanda matatu, nilimwona na vijana wawili wakichimbia vigingi vya mikorosho kati ya kifusi na uwanja, kigingi baada ya kigingi, mpaka pale lori haliwezi kupita.