Maneno anayajua, aya haielewi: jinsi tulivyotatua

Sasa nimeshusha pumzi, acha niandike. Rafiki yangu Mchina, tunakaa bweni moja hapa Wuhan, alikuwa anajiandaa na CET-4, mtihani wa Kiingereza wa vyuo vya China. Ufahamu wa kusoma unabeba asilimia 35 ya alama. Maneno alikuwa nayo tele; aya ndiyo ilimshinda.

Tulianza na vitabu vya msamiati. Vingi vinaanzia "abandon", na wenyewe hutaniana kwamba wengi huishia hapohapo. Tukajaribu kadi, kisha programu ya simu. Wapi!

Siku moja nikamwomba anifasirie kwa sauti "the book that I bought yesterday". Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kumbe Kichina hutanguliza maelezo: "niliyonunua jana" huja kwanza, kitabu baadaye. Sisi tunasema kitabu nilichonunua jana, mpangilio uleule wa Kiingereza, ndiyo maana sikuwahi kuliona tatizo.

Nikampa penseli. Kwanza apigie mstari kitenzi kikuu. Kisha aweke mabano kuanzia "that" au "which" hadi maelezo yanapoishia. Asome sentensi akiruka mabano, ndipo ayarudie. Na neno jipya aliandike pamoja na sentensi yake nzima, maana "address the problem", yaani kushughulikia tatizo, alikuwa anaisoma kama anwani ya tatizo!

Wiki ya tatu macho yakaacha kurudi nyuma. Majuzi matokeo yametoka, amevuka 425, alama zinazohesabiwa kuwa za kufaulu. Nimelishwa tambi za ufuta mpaka basi.