Kazi yote iko kwenye kuachia breki

Tangu nirudi Donington Park, traki ya mashindano kule Uingereza, juzi sijaacha kuwaza breki, hasa ile sehemu ya mwisho kabisa, pale vidole vinapoanza kulegeza leva huku pikipiki tayari inalala. Vijiweni kwetu stori huwa ni nani anachelewa kushika breki, nani kaingia kona na spidi kubwa, na kushika kweli kunahitaji roho, ila kadiri ninavyozidi kukimbia traki naona aliye fasta ni yule anayejua kuachia.

Sisi tuliojifunzia pikipiki Bongo tumekuzwa na sheria moja, maliza breki kabla ya kona, ukishalala usiguse kitu, na breki ya mbele ndio kabisa unaambiwa itakurusha. Kwa barabara zetu sheria hiyo ina akili. Kona imejaa mchanga, boda nyingi zina breki za drum, leva haikuambii chochote kuhusu tairi, ukiibana mbele huku umelala juu ya mchanga gurudumu linakimbia na wewe uko chini. Mdogo wangu anaendesha boda Mbagala, na tukiongea kwenye simu sithubutu kumwambia abadilishe, namwambia dogo malizia breki pikipiki ikiwa wima. Lakini kwenye lami safi ya traki, tairi laini limetoka kwenye blanketi la umeme likiwa la moto, hesabu inabadilika kabisa.

Chukua spidi peke yake. Pikipiki iliyolala nyuzi 45 ikiwa kilomita 100 kwa saa, toka katikati ya duara inalochora hadi ukingoni ni kama mita 79. Ishushe hadi 90, usiilaze hata nukta zaidi, inakuwa kama mita 64. Kilomita 10 tu hizo! Kwa hiyo aliyebakiza breki kidogo ndani ya kona, kila sekunde inayopita pikipiki yake inakata zaidi yenyewe, wakati aliyeachia mapema kona ikimbana hana pa kwenda, ama ailaze zaidi ama aende kwenye nyasi.

Halafu kuna foku, yale mabomba mawili yenye springi yanayoshika gurudumu la mbele. Ukishika breki ya mbele uzito mwingi unakuja mbele, foku zinazama, pembe ya usukani inasimama kidogo na tairi linajikandamiza kwenye lami, ndio maana pikipiki inakuwa nyepesi kugeuza. Mimi nimefunga kakamba ka plastiki kwenye bomba la foku, kanasukumwa chini foku ikizama na kanabaki pale pale ilipofika, nikirudi pit, pale tunaposimamisha pikipiki, nainama kukaangalia kabla hata sijavua helmeti maana kananionyesha foku ilizama mpaka wapi. Ila hakaonyeshi ilivyorudi juu, na hapo ndipo penyewe, kwa sababu ukiachia leva ghafla foku zinaruka, pikipiki inanyooka, inakuwa mvivu kugeuka na inakupeleka nje wakati ule ule unaotaka iingie ndani. Breki ya mwanzo, ile ya nguvu, ishike pikipiki ikiwa wima, lakini usiikamate kwa pupa, ipe foku nafasi izame kwanza ndio uongeze. Kutoka hapo kila unavyozidi kulala unalegeza, taratibu, mpaka karibu na apeksi, ile sehemu ya ndani kabisa ya kona, vidole viwe vimegusa tu leva. Tairi la mbele ni kama bando la simu, breki na kona vyote vinakula humo humo, huwezi kutumia lote kwenye breki halafu utegemee limebaki la kulalia.

Kona iliyonifundisha haya yote ni Old Hairpin, hapo hapo Donington. Hairpin ni kona ya kujikunja, ila jina lisikudanganye, siku hizi haijikunji kabisa, ni ya kulia na ya spidi, ila shughuli inaanza mbali kabla yake. Unatoka kona ya Redgate, unapita ya Hollywood, unateremka zile za Craner Curves, na mteremko ule kwenye picha hauonekani kabisa ulivyo, ukiwa juu ya tangi ndio unaelewa, halafu unalala kushoto, na Donington kona nyingi ni za kulia kwa hiyo upande wa kushoto wa tairi umekaa muda mrefu bila kazi na unapoa, hasa asubuhi ya baridi, watu wengi sana wameangukia hapo na sio wageni tu. Ukitoka salama unainua pikipiki, unashika breki bado unateremka, uzito ulishakuja mbele kwa sababu ya mteremko kwa hiyo breki ndogo inafanya kazi kubwa, na muda huo huo unaanza kulala kulia. Kwa aliyezoea kumaliza breki kwanza, nafasi ya kumalizia haipo kabisa! Ama uanze kupunguza juu kule Craner na upoteze kila kitu, ama uingie na breki ukiilegeza polepole mpaka uone ukingo wa ndani unakufuata, na ukifika hapo pikipiki inakuwa imetulia kweli kweli, foku zimezama kiasi, mkono hauna presha, unaanza kufungua mafuta kidogo kuelekea daraja la Starkey's. Kwangu hakuna raha nyingine kwenye pikipiki inayofika hapo.

Mzee mmoja anayefundisha siku za traki alinipa mazoezi mazuri: zunguka kwa asilimia 70 ya spidi yako, usiwaze muda, kazi yako iwe kuachia leva kwa urefu wa pumzi moja. Nimeyashika hayo hadi leo.

Na ukitaka kuona mtu anavyofanya, mtazame Toprak Razgatlıoğlu, bingwa wa dunia wa Superbike 2021, 2024 na 2025. Watu wanapenda ile picha ya gurudumu la nyuma liko hewani, sawa, inapendeza, ila wewe rudisha video na uangalie kinachofuata, gurudumu linashuka chini, pikipiki inaanza kulala, na foku ya mbele hairuki. Hapo ndipo anapowapiga wenzake.

Breki ya nyuma nayo msiidharau, nyie wenzangu wa boda mna mguu mzuri kwa hiyo. Mick Doohan, mkimbiaji wa Australia, baada ya kuumia vibaya mguu wa kulia kwenye traki ya Assen, Uholanzi, mwaka 1992 aliwekewa breki ya nyuma ya kubonyeza kwa kidole gumba cha kushoto, na akaja kuchukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za 500cc mara tano mfululizo, 1994 hadi 1998. Mimi naigusa kidogo tu ndani ya Melbourne, ile kona ya Donington ya kujikunja haswa, pikipiki ikitaka kutanuka kwenda nje.

Safari ijayo nakwenda na Goddards kichwani, kona ya mwisho ya Donington kabla ya kurudi kwenye mstari wa kuanzia, ni ya kushoto, na lile tairi la upande uliopoa. Nataka nianze kushika mapema na kwa ulaini, nivute kuachia kuwe kurefu zaidi ya Old Hairpin, nione kama upande ule utanikubalia.