Mfuko wa mbele kwenye usukani uliopinda

Nikijiandaa kwa safari ya Bagamoyo, jana nilifunga mfuko wa mbele kwenye baiskeli yangu yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, nikisaidiwa na fundi wangu wa Kinondoni. Usukani wenyewe una upana wa sentimita 42, lakini nafasi halisi ni ndogo zaidi, kwa kuwa mikono ya breki ndiyo hiyo hiyo ya gia na husukumwa kuelekea ndani wakati wa kubadilisha. Mfuko uliojazwa kupita kiasi huizuia, na hapo gia hugoma. Fundi alikata kandambili kuukuu, akapachika vipande vyake kati ya mikanda na usukani ili mfuko usogee mbele na waya zisikunjwe, kisha akafunika shingo ya fremu kwa mpira wa tyubu ili rangi isichubuke. Ndani nimeweka chandarua na shuka tu, maana uzito mwingi mbele huufanya usukani uyumbe, na matuta ya njia ile (nayo hayana simile) yangeushusha mfuko hadi kwenye tairi. Pampu na vipuri vimehamia kwenye mfuko wa fremu.