Siku yangu na nzi wa milimita mbili, Kakamega

Saa 11:30 alfajiri. Hata kabla ya chai nimemulika mitungi kwa tochi. Iko 14 dirishani, kila mmoja una majani yenye vinundu, yaani uvimbe unaosababishwa na mabuu ya nzi wa vinundu (jamii ya Cecidomyiidae), na mdomo umefungwa kwa kitambaa chepesi. Juzi walitoka majike wawili. Leo, kwenye mtungi wa 9, dume! Vipapasio vyake ni shanga zilizotungwa kwenye uzi, na kila shanga imezungukwa na vitanzi vyembamba. Nimemsubiri tangu Machi. Nzi hawa wakishatoka huishi siku chache tu, kwa hiyo nikamtia kwenye alkoholi papo hapo.

Saa 1:00. Msituni na mzee anayenifundisha miti. Mti wenyewe sitautaja hadi makala yangu ya kueleza nzi huyu ichapishwe, maana nzi wa jamii hii wengi hawana makao zaidi ya mti mmoja au jamaa zake.

"Mwanangu, haya majani yana ndui," akaniambia.

"Ni nyumba, mzee. Tazama."

Nikapasua kinundu kwa wembe. Ndani mlikuwa na chumba kimoja, na buu wa rangi ya chungwa akijikunyata. Buu anapoanza kula, jani lenyewe humjengea kuta. Mzee alimtazama kwa lenzi muda mrefu, kisha akaniuliza anatokaje humo. Nikamwonyesha kitu cha kahawia kifuani, mfano wa jembe dogo sana. Jembe hilo ni alama ya jamii nzima, na umbo lake husaidia kutofautisha spishi.

Saa 5:00. Maabara. Dume nimemlaza kwenye potashi ili nyama iyeyuke ibaki ganda, kisha nikamtenganisha kwa sindano: kichwa peke yake, mabawa peke yake, ncha ya tumbo peke yake. Hiyo ncha ndiyo inayoamua mambo, kwa kuwa viungo vya uzazi vya dume hutofautiana spishi hata spishi. Mwaka jana nilipoteza vielelezo sita kwa sababu vifuniko vililegea na alkoholi ikakauka. Siku hizi kila kifuniko nakikaza mara mbili.

Saa 8:00 mvua, kama kawaida ya Kakamega. Nimesoma kuhusu ndugu zao wa misitu ya kaskazini, Uswidi na Ufini. Wengi wa huko hawatengenezi vinundu hata kidogo: mabuu yao hukulia kwenye magogo yanayooza, wakila kuvu. Mwaka 2016 watafiti wa Kanada walikadiria, kwa kusoma DNA, kwamba nchini mwao pekee jamii hii inaweza kuwa na spishi 16,000, ilhali dunia nzima zilizopewa majina ni elfu sita na kitu. Kama nchi ya theluji ina wingi huo, msitu wetu una wangapi? Swali hili hunikosesha usingizi, nami naona ni uzembe kukata mti kabla hatujajua nani anaishi kwenye majani yake.

Saa 11:00. Nimelinganisha michoro yote niliyo nayo. Vibano vya uzazi vya dume huyu ni vifupi na vimepinda ndani; sijaona hivyo pengine. Bado jina halipo. Kwanza maelezo yachapishwe, na kielelezo kimoja kiteuliwe kuwa shahidi wa jina hilo daima. Nakusudia awe huyu.

Saa 3:00 usiku. Nimeandika lebo kwa wino usiofutika: Kakamega, tarehe, mti, mtungi wa 9. Kisha nikanyunyizia maji mitungi 13 iliyobaki.