Simu moja, watoto watatu: nilivyojipanga kuwalinda mtandaoni

Nyumbani kwetu Makorora, Tanga mjini, simu janja ni moja, nayo ni yangu. Ndiyo ya kupokelea oda za mishono, ndiyo yenye pesa, na jioni watoto wakitoka madrasa ndiyo ya katuni. Ushauri mwingi niliousikia unamchukulia kila mtoto kana kwamba ana simu yake. Family Link, programu ya Google ya wazazi, kwa mfano, ni nzuri, ila inasimamia akaunti ya mtoto. Simu ikiwa ya mama yenye akaunti ya mama, haikufai kitu. Ikabidi nianze na simu yangu mwenyewe.

Kilichonisaidia zaidi kwa kitindamimba wangu ni kubandika programu, yaani kuifungia simu kwenye programu moja tu. Simu nyingi za Android zinayo, ukiingia Mipangilio, upande wa usalama. Nafungua YouTube, naibandika, ndipo namkabidhi. Akitaka kutoka aende kwingine, simu inadai pini yangu. Humo YouTube nimewasha ile hali yenye mipaka: inachuja video nyingi zisizofaa watoto, na sehemu ya maoni haionekani kabisa. Haichuji kila kitu, kwa hiyo anatazama sebuleni, nami nipo kwenye cherehani.

WhatsApp ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Magrupu ya ukoo na ya mtaa hayana simile: mtu anatuma picha za ajali, nazo zinajihifadhi zenyewe kwenye picha za simu, palepale mtoto anapofungua kuangalia picha za Idi. Nikazima kujipakua kwa picha na video, nikazima pia zisionekane kwenye galari. Kwenye faragha nikaweka kwamba wanaoweza kuniingiza kwenye grupu ni wale tu niliohifadhi namba zao. Yale magrupu ya watu nisiowajua yakakoma.

Binti yangu mkubwa, mwenye miaka 12, anatumia simu hiyohiyo kwenye grupu la masomo. Mtu akaichukua namba humo, akamwandikia pembeni akijifanya mwanafunzi wa shule jirani. Alianza na hesabu, akaja kwenye kumsifu sura, mwisho akaomba picha. Binti akaja jikoni na simu mkononi.

"Mama, kuna mtu ananiandikia. Anasema nisikwambie."

"Umefanya vyema kuniambia, mwanangu. Simu sikunyang'anyi."

Ahadi hiyo nilikuwa nimeshawapa wote: yeyote atakayewaambia neno la kumficha mama, lileteni kwangu, na simu hamtanyimwa. Naamini ndiyo iliyomleta jikoni. Mtoto anayejua kwamba akisema tu katuni na gemu vimekwisha, atanyamaza, na huyo mtu anautegemea ukimya huo.

Sikumjibu yule mtu. Kabla ya kumbloku nilipiga picha za skrini za mazungumzo yote, namba yake ikionekana, maana WhatsApp inamruhusu aliyetuma kufuta ujumbe wake hata kwako. Nikapiga 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure, kisha nikaenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi na ushahidi wangu. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na picha za ngono za watoto zimekatazwa humo waziwazi. Picha alikuwa hajapewa, lakini sikuona sababu ya kungoja afike huko. Mwalimu anayesimamia grupu nilimpigia siku hiyohiyo, akaitoa ile namba na kuwajulisha wazazi wengine.

Ile 116 watoto wangu wameikariri, hata mdogo, kwa sababu wao wenyewe wanaweza kuipiga.

Kilichobaki ni simu za watu wengine. Jumamosi wanashinda kwa dada yangu Chumbageni, na huko simu ni za binamu zao wakubwa. Nimekaa na dada, tukabadilisha mipangilio ya simu yake pamoja. Sasa tumefika kwa wale vijana wake, na wao ni wabishi.