Shoti ya 014: minara imetoka, minazi imebaki

Imekubali. Panoramu ya Kivukoni, shoti ya 014 ya tamthilia inayoonyesha mwaka 1974, jana usiku imetoka bila minara ya vioo na bila ule utepe mweupe uliokuwa unazunguka kila ncha ya kuti. Utepe huo umekula wiki tatu. Chanzo ni nodi moja (hatua ndani ya programu) ya kubadili rangi iliyokaa kabla ya keyi, yaani hatua inayotenganisha vitu kwa mwangaza au rangi, badala ya kukaa kwenye kioo cha kutazamia. Hesabu nzima iko hapa chini, kwa yeyote anayepambana na majani, nywele au nyavu za wavuvi.

Kamera iko upande wa Kigamboni juu ya tripodi, inageuka taratibu kutoka kwenye maji ya bandari hadi mnara wa kanisa la Azania Front. 3840 kwa 2160, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, sekunde 6. Ukiongeza fremu 8 za akiba kila upande, jumla ni 166. Kodeki (mfumo wa kubana video) ni ya biti 8, 4:2:0, yaani rangi inahifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya kimo, na hilo halirekebishiki tena. Hoteli ya Kilimanjaro inabaki mahali pake kwa kuwa ilikwishafunguliwa miaka ya 1960. Majengo marefu ya Barabara ya Sokoine lazima yaondoke, na mbele yake kuna minazi minne inayochezeshwa na upepo wa kusi. Kuchora anga ya kuziba nafasi ni kazi ya asubuhi moja. Minazi ndiyo shughuli.

Roto ya mkono, yaani kuchora mipaka ya majani fremu kwa fremu, ilijaribiwa kwenye fremu 20 ikaachwa. Kuti moja lina chane nyingi, na kwa umbali ule kila chane ina upana wa pikseli 2 au 3, nusu yake ikiwa ni ukungu wa mwendo. Hata mtu mwenye mkono mtulivu kiasi gani, kingo zinatetemeka. Keyi ya mwangaza ilifuata: majani yalikatika vizuri, lakini pembezoni yalibaki na buluu ya kijivu ya vioo vya jengo. Ukikaza keyi, chane zinaliwa. Ukilegeza, jengo linarudi. Hakuna namba ya katikati, na ni bora kukubali mapema kwamba haipo.

Njia iliyofanya kazi haimkati mnazi kabisa. Inaondoa mchango wa jengo kwenye kila pikseli na kuweka mchango wa anga. Chukua mlinganyo wa Porter na Duff wa 1984: picha ni jani mara alfa (sehemu ya pikseli iliyozibwa na jani), jumlisha nyuma mara moja-toa-alfa. Ile moja-toa-alfa tuiite t, yaani sehemu ya nyuma inayopenya. Ukijua jengo lenyewe lilivyo bila majani, basi:

picha mpya = picha ya zamani + t × (anga − jengo)

Huhitaji kujua rangi halisi ya jani pembezoni, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Chane iliyofifia kwa mwendo inabaki imefifia vilevile, na chengachenga za kamera zinabaki zilezile ilimradi t, pleti ya jengo (picha ya jengo bila majani) na anga zote ziwe safi. t inapatikana kwa kutoa jani kwenye picha, kisha kugawa kwa tofauti ya jengo na jani. Itengeneze kwa mwangaza tu, usiiguse chaneli ya buluu. Kwenye 4:2:0 rangi imehifadhiwa kwa 1920 kwa 1080, kwa hiyo keyi ya buluu itakupa ngazi za pikseli mbili mbili kwenye kila chane.

Pleti ya jengo haikupigwa siku ya kurekodi, ikabidi itolewe kwenye shoti yenyewe. Fremu zote 166 zilitulizwa kwa pembe nne za jengo, kisha kwa kila pikseli zikapangwa thamani kutoka giza hadi mwanga, ikachukuliwa ile ya asilimia 80. Jani ni jeusi kuliko jengo, kwa hiyo palipo wazi hata theluthi moja tu ya muda, jengo linajitokeza lenyewe. Usichukue thamani ya juu kabisa. Hiyo inakusanya mimeto ya jua kwenye vioo na chengachenga zote kali, ukapata pleti yenye nyota. Thamani ya katikati nayo inashindwa palipo na makuti mazito. Kwenye shina la mnazi, ambapo jengo halikuonekana hata mara moja, madirisha yalinakiliwa kutoka ghorofa ya juu yake, maana yanajirudia.

Hesabu hiyo inafanywa na Python na numpy. Ukiingiza fremu zote kwa desimali za biti 32 unahitaji takriban GB 16.5 za kumbukumbu, na mashine ya GB 16 itaganda. Kata picha vipande 10 vya mistari 216, kila kimoja kinakula kama GB 1.65, kazi inakwisha bila mashine kulalamika.

Sasa utepe mweupe. Namba za linia (zinazolingana moja kwa moja na mwanga halisi) kwenye shoti hii: jani 0.04, jengo 0.45, anga mpya 0.90. Pikseli ya pembezoni ambayo nusu ni jani na nusu ni jengo ina 0.245. t yake ni 0.205 gawanya kwa 0.41, yaani 0.5 kamili. Jumlisha 0.5 mara 0.45 kwenye 0.245 unapata 0.47, ambayo ndiyo nusu ya jani na nusu ya anga. Imekaa sawa.

Lakini mti wa nodi (mnyororo wa hatua hizo) ulikuwa na badiliko la gama 2.2, mkunjo unaoinua sehemu za giza, kabla ya keyi, kwa sababu picha ya linia ni ngumu kuitazama na mtu alitaka kuona anachofanya. Kwenye gama hiyo jani ni 0.23, jengo 0.70, pembezoni 0.53. Gawanya, t inakuwa 0.64. Namba hiyo ikapelekwa kwenye muunganisho ambao uko kwenye linia: 0.245 jumlisha 0.64 mara 0.45, jibu 0.53. Pikseli iliyotakiwa kuwa 0.47 imezidi kwa asilimia 13, na ni zile za pembezoni tu, maana kwenye jani zima t ni 0 na palipo wazi ni 1 kwa gama yoyote ile. Ndiyo maana kukaza na kulegeza keyi hakukusaidia. Kila aliyeitazama alisema ni tatizo la keyi, wakati keyi ilikuwa safi na kipimo chake ndicho kilichokosewa. Kama unataka kutazama kwa gama, weka badiliko kwenye kioo cha kutazamia, kamwe si ndani ya mti.

Nodi ilipohamishwa utepe ulipotea kwa fremu zote, yakabaki matatu madogo.

La kwanza, wingu. Katikati ya shoti wingu linapita na jengo linashuka kutoka 0.45 hadi 0.41, huku pleti ikiwa haijui. t ikaanguka hadi 0.90 palipotakiwa kuwa 1, na umbo la jengo likarudi angani kama doa la 0.815. Dawa: chagua mstatili mdogo wa ukuta usiofikiwa na makuti, pima wastani wake kwa kila fremu, gawanya kwa wastani uleule kwenye pleti, kisha zidisha pleti nzima kwa jibu hilo. Lainisha mkunjo wa namba hizo kwa fremu 5, la sivyo anga itapumua.

La pili, madirisha meusi. Dirisha lenye 0.10 na jani lenye 0.04 vinakaribiana mno. Ukigawa kwa 0.06, chengachenga zinakuwa mlima. Kwa pikseli hizo t haiaminiki, ni lazima iazimwe kwa majirani. Kila t inapewa uzito kulingana na tofauti ya jengo na jani mahali pake, inasambazwa kwa upana wa pikseli 5, kisha inagawanywa kwa jumla ya uzito. Ukuta mweupe unalisha dirisha jeusi.

La tatu ndilo lililobakia likiudhi: mzimu wa madirisha. Pleti ikikosea hata nusu pikseli, kutoa hakufuti mistari ya vioo, na angani panabaki gridi hafifu ya ghorofa. Hadi fremu ya 110 hakukuwa na kitu. Baada ya hapo jengo linasogea kwenye ukingo wa fremu ambako lenzi inapinda picha, na gridi ikajitokeza. Pembe nne hazitoshi hapo. Ilibidi lenzi ipigwe picha ya ubao wa mraba mweusi na mweupe, upindaji wake upimwe, picha inyooshwe kabla ya traki (kufuatilia mwendo), na mwishoni upindaji urudishwe. Sogeza pleti iifuate fremu, usisogeze fremu iifuate pleti, maana kila ukisogeza picha inapoteza ukali, na ukitumia kichujio cha Lanczos unapata mistari ya ziada kwenye kingo kali. Mawimbi ya joto juu ya maji ya bandari bado yanatikisa mistari kidogo. Kwa hiyo pale t inapozidi 0.97 tumeacha kujumlisha, tunaweka anga moja kwa moja na kurudisha chengachenga za kutengeneza. Mzimu uliobaki umefichwa ndani ya makuti, na kwenye televisheni ya inchi 55 hauonekani.

Kuhusu programu. Kazi hii yote imefanyika kwa vitu vya bure na sioni aibu kuisifia Natron: kuandika mlinganyo ndani ya nodi ni jambo la dakika, na haina mpaka wa ukubwa wa picha. Udhaifu wake ni kuanguka ghafla kwenye miti mirefu, kwa hiyo hifadhi kila baada ya nodi kadhaa. Fusion iliyomo ndani ya Resolve ya bure ina nodi ya milinganyo pia na inakwenda kasi zaidi kwenye kadi ya grafiki, ila usafishaji wa chengachenga kwa fremu jirani umewekwa kwenye toleo la kulipia. Nuke ya kujifunzia inaishia 1920 kwa 1080, haikufai kwa kukabidhi. Blender tumeitumia kwa traki na lenzi tu. Anayetoa picha humo akumbuke kwamba EXR inatoka na data ya linia, lakini PNG inatoka ikiwa imeshapakwa AgX, rangi za kutazamia za Blender. PNG moja ikiingia kwenye mnyororo, namba zote za hapo juu zinaharibika.

Na toa fremu moja moja, kamwe usitoe faili moja la video. EXR ya nusu-desimali yenye chaneli tatu ni kama MB 50 bila kubanwa, kwa hiyo fremu 166 ni zaidi ya GB 8, lakini umeme ukikatika kwenye fremu ya 120 unaendelea na ya 121.

Jambo moja kwa maprodyuza, na ninalisema kwa kusihi. Shoti kama hii haipaswi kuhesabiwa sawa na kufuta bango la simu ukutani. Kompozita (mwunganishaji wa picha) mzuri hapa Dar anayelipwa bei moja kwa kila shoti atakimbilia zile rahisi, na ngumu zitaangukia kwa kijana aliyeanza juzi. Panga bei kwa madaraja matatu kabla ya kurekodi. Siku ya kurekodi mpe mtu mmoja wa madoido ruhusa ya kusema "subirini" na kuchukua sekunde 30 za mandhari bila waigizaji, urefu wa lenzi, kimo cha kamera na picha ya ubao wa kijivu. Sekunde hizo 30 zingeokoa siku nne za pleti. Anayeomba kazi ya roto nasi tunampa fremu 24 za mkono unaopunga, na tunaangalia kitu kimoja tu: ukungu wa mwendo kwenye vidole ameufanyaje. Aliyekata kingo kali anafundishika. Aliyelainisha kila mahali kwa kipimo kimoja bado hajaiangalia picha.

Kilichofuata kwenye ratiba kilikuwa kivuli cha minara kwenye maji na kuongeza ngalawa mbili. Vyote vimesimama, kwa sababu mlinganyo huu umefungua swali kubwa zaidi: nywele. Nywele zetu za kipilipili mbele ya kitambaa cha kijani ni mateso. Kijani kinarudi ndani ya nywele, kisha kukisafisha kunageuza weusi kuwa zambarau. Lakini nywele nyeusi mbele ya kitambaa cheupe kilichomulikwa sawasawa ni mnazi mbele ya jengo, tena pleti yake inapigwa kwa sekunde mbili, mwigizaji akiwa bado hajaingia.

Jaribio la kwanza ni fremu 25, shuka jeupe lililowekwa kwenye 0.70 ya linia, mita 2 nyuma ya kichwa, taa mbili za LED zilizopimwa kwanza kwamba hazipepesi kwa 1/50. Afro ilitoka na kila uzi wake, bila kugusa kitelezi chochote. Misuko nayo ilitoka vizuri. Kilichogoma ni kola nyeupe na weupe wa macho, ambavyo mlinganyo unavidhani ni shuka, na mng'ao wa mafuta ya nywele upande wa taa, uliofika 0.62. Kwa kola na macho inatosha maski ya ndani iliyochorwa kwa ulegevu. Kwa mng'ao, Jumamosi shuka linapandishwa hadi 0.90 na taa ya pembeni inashushwa nusu stopu.